Kondo Langu Liko Wamaza

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Alhamisi katikati ya kiangazi, nilianguka mlangoni mwa jiko letu mjini Kasongo nikiwa na ndoo tupu mkononi. Saa naijua kwa hakika, kwa sababu mume wangu Amisi alikuwa karani wa mizani katika ghala la pamba, na kila alfajiri wakati huo alikuwa akiitia ufunguo saa yake ya mezani. Aliisikia ndoo. Mimi hakunisikia. Alikuja kuangalia kama ndoo imepasuka, akanikuta chini.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na umri wa miaka thelathini na tisa. Binti yangu wa kwanza, Feza, alikuwa ameolewa Kabambare. Baada yake nilizaa mara nne, na wote wanne tuliwazika: wawili walitoka kimya, mmoja alikaa siku tisa, mmoja alikaa tangu mvua za mwisho mpaka kiangazi. Wote walikuwa wadogo kwa kipimo kimoja. Mimi ni mshonaji. Kipimo hicho nakijua, kwa sababu sanda zao nilizikata mwenyewe.

Sikwenda shule. Kusoma nilijifundisha kwenye karatasi za mitindo ya nguo zilizokuja pamoja na cherehani, na kwenye madaftari ya ghala ambayo Amisi alikuwa akiyaleta nyumbani. Kwa hiyo sitaeleza ugonjwa ulitoka wapi wala dawa hufanya nini ndani ya mwili, wako waliosomea. Nitaandika nilichoona na nilichopima, kwa ajili ya mwanamke ambaye kesho ataketi kwenye benchi lile lile na kuombwa kile nilichoombwa mimi.

Mwili ulibadilika hivi. Kwanza viganja vyangu vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Kisha masikio yakaanza kuvuma, hasa nikiinama. Kisha nikashikwa na hamu ya udongo: nyuma ya choo chetu kulikuwa na kichuguu, nami nilikila upande mmoja mpaka Amisi akauliza kama kuna mbuzi aliyefunguka. Nililala usingizi juu ya cherehani, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. Kutoka kwetu mpaka hospitali ya Serikali nilihesabu hatua mia tisa. Zamani nilizitembea bila kusimama. Alhamisi ile nilisimama mara sita, na mara ya sita nilikaa chini njiani, watu wakanipita.

Benchi la wajawazito lilikuwa kwenye baraza, upande wa jua la asubuhi. Tulifika kabla ya mlio wa kengele ya kazi, tukaitwa jua likiwa limeshatuacha. Hapo nilijifunza kwamba kungoja nako ni kazi, na ina ufundi wake: usikae mwisho wa benchi, maana mwenye tumbo kubwa akija utaondolewa, usinywe maji mengi, maana choo kiko mbali, na usisikilize kila linalosemwa.

Lililosemwa mwaka ule lilikuwa moja. Daktari mpya, Mbelgiji kijana mwenye shingo ndefu, alikuwa anachukua damu ya wanawake wenye mimba na kuituma kwa treni. Wengine walisema inapelekwa kwa watumbula, wale wanaonenepesha watu kwa ajili ya kuliwa.

Mwanamke aliyekaa kando yangu alicheka. Aliitwa Sikujua, kwao Wamaza, na mumewe alikuwa kibarua wa kufunga marobota ya pamba. Alikuwa kijana, lakini naye alikuwa ameshazika watatu.

"Mimi wakinila watalala na njaa," alisema. "Ona huu mukono. Iko mufupa na ngozi tu."

"Basi watakupika supu," mwingine akamjibu.

"Supu bila chumvi, dada. Chumvi yote bwana amemaliza."

Mtu aliyetuchukua damu alikuwa enfirmie, yaani muuguzi, jina lake Gabrieli, mtu mwembamba wa upande wa Kabambare. Alinichoma kidole, akaweka tone kwenye kioo, akalitazama kwenye mashine yake ya kukuzia vitu vidogo. Akarudi akakaa mbele yangu.

"Mama Feza, damu yako imekuwa kama maji ya kuoshea muchele. Utalala kitanda? Hapana. Vitanda vimejaa. Utakuja hapa kila Alhamisi ya pili, utapewa sindano na vidonge. Na Munganga anaomba kitu."

Alieleza. Daktari alitaka kujua kwa nini wanawake wa huku wanazaa watoto wadogo, na kwa nini wengi hawakai. Aliomba damu ya mkononi kila ninapokuja, mkojo, na choo. Siku ya kuzaa aliomba damu ya kamba ya kitovu, na kondo la nyuma.

"Damu yangu ni kidogo, umesema mwenyewe," nikamwambia. "Sasa munataka kuipunguza tena?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni kipimo gani?"

Alinionyesha kichupa. Nikamwomba akijaze maji mpaka pale watakapoishia, kisha ayamimine kwenye kijiko cha chai. Alitazama kulia na kushoto, kisha akafanya. Vilikuwa vijiko viwili.

"Nikikataa, sindano nitapata?"

"Utapata," alisema. "Munganga hakusema hivyo, lakini mimi ndiye ninayechoma."

Nilikubali vijiko viwili. Sikukubali kwa sababu ya ujasiri. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kuzika bila kujua, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza jambo lolote juu ya wale wanne: walizaliwa mwezi gani, kulikuwa na mvua au hapana, nilikuwa na homa au hapana. Nilimjibu yote, naye aliandika.

Ya choo niseme wazi, maana hakuna aliyenionya. Unapewa kiberiti kitupu, na unakirudisha kimejaa. Alhamisi ya pili nilikuwa napita sokoni nimekishika mkononi, mzee mmoja mwenye kiko akanisimamisha. "Mama, nisaidie moto." Nikamwambia, baba, moto huu utakushinda. Mwenzangu Sikujua alipohadithiwa alicheka mpaka Gabrieli akatoka kuuliza nani anazaa.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Mama yake Amisi, Bibi Mwavita, alikaa nasi tangu mumewe alipofariki. Alikuwa mtu wa swala na wa kazi, mwenye maneno machache, na kila neno lilikuwa na uzito wake. Alipoona bandeji mkononi mwangu aliuliza, nikamweleza.

"Wanalipa?"

"Hapana, mama."

"Basi siyo kuuza. Ni kutupa." Akaendelea kupeta mchele. "Wanne wamekwenda. Huyu wa tano unampunguza kwa kijiko."

Amisi alikaa kati yetu kama ulimi wa mizani. Hakupenda kwenda upande wowote. Kwa ndugu zake kulikuwa na maneno ya mke wa pili, nami nilijua, na alijua kwamba najua. Jioni aliniletea samaki wa Nyangwe, kule ng'ambo ya mto, akawaweka mezani, nami niliwala peke yangu kwa sababu yeye na mama yake walisema wameshiba. Hawakuwa wameshiba. Hiyo ni moja katika huruma ndogo ninazozikumbuka.

Kichupa cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikuwa vya kiangazi. Cha nne kilinikuta mwanzo wa mvua, nikavuka matope nikiwa nimeshika ukuta wa nyumba za watu. Sindano zilinivimbisha paja. Nililala upande mmoja mpaka sikio likaota kidonda. Vidonge viligeuza choo kikawa cheusi, na jino moja la nyuma lilitoka lenyewe nikila ndizi. Lakini kati ya kichupa cha nne na cha tano nilitembea zile hatua mia tisa na kusimama mara tatu tu. Niliziandika nyuma ya karatasi ya mtindo wa gauni: sita, sita, tano, tano, tatu.

Kwenye kichupa cha sita ndipo neno la kondo lilipofika nyumbani. Nilikuwa nimelificha.

Lazima nieleze desturi yetu. Kwetu, kondo la mtoto huzikwa na mama wa mume, katika ua wa nyumba. Analipokea likiwa limefunikwa kwa jani la mgomba. Halifunui wala halitazami. Na tangu anapolinyanyua mpaka anapolifukia hasemi na mtu, haitikii salamu, hageuki nyuma. Akisema neno njiani, mtoto hatakaa nyumbani. Atafuata lile neno. Bibi Mwavita alikuwa amezika makondo yangu matano kwa namna hiyo, bila kosa.

"Unaweza kuwapa damu," aliniambia. "Damu inarudi. Kondo ni ndugu ya mutoto. Ukiwapa, mimi nitazika nini? Nitazika jani?"

Sikulala vizuri siku tatu. Siku ya nne nilikwenda hospitali, ingawa haikuwa Alhamisi, nikaomba kumwona daktari mwenyewe. Nilingoja mpaka saa nane mchana. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kilichonyooka, na Gabrieli alisimama kando kwa yale yasiyomo kitabuni.

Niliuliza anahitaji kondo lote au sehemu. Daktari alifikiri. Alisema sehemu inatosha, kipande cha ukubwa wa kiberiti.

"Na kinachobaki?"

"Kinatupwa shimoni."

"Kisitupwe. Kirudi kwetu siku ile ile, kimefunikwa."

Akamtazama Gabrieli, kana kwamba mimi nimesema jambo ambalo mtu angepaswa kumwambia zamani. Kisha akasema ndiyo, na kwa wote watakaotaka. Sikujua naye alitaka. Mimi nikashona vipande vya kitambaa cheupe, nikavitarizia namba zetu za daftari kwa uzi mwekundu, vya kufunga kwenye mabeseni. Niliona nimefikiria kila kitu. Bibi Mwavita aliposikia mapatano alisema, "Kipande cha kiberiti. Haya. Hata mbuzi wa sadaka anatolewa jirani kipande."

Uchungu ulikuja mwezi mmoja kabla ya siku zake, baada ya kichupa cha saba. Mtoto alizaliwa saa sita na dakika kumi mchana, mwanamume, hai. Mizani ya hospitali ilisema kilo moja na gramu mia tisa. Mwenzangu Sikujua alikuwa kitanda cha pili, na alijifungua msichana kabla ya saa saba kugonga. Wetu wote wawili walikuwa wadogo. Wangu ndiye aliyekuwa mdogo zaidi, na hakulia vizuri. Alikuwa na sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Walimweka kwenye sanduku lililojaa pamba, na chupa za maji ya moto pembeni.

Daktari alichukua damu za vitovu na vipande vyake. Yaliyobaki yakawekwa kwenye mabeseni mawili katika kibanda cha nyuma, yamefunikwa majani. Gabrieli alikuwa amemwambia Bibi Mwavita asubuhi: lenu litakuwa upande wa dirisha. Lakini kabla hajafika, mfagiaji alimwaga maji sakafuni, akayahamisha mabeseni na kuyarudisha kinyume.

Bibi Mwavita aliingia, akanyanyua lililo upande wa dirisha, akatoka. Namba zangu za uzi mwekundu hazikumsaidia, maana hakujua kusoma, na kufunua au kuuliza hakuruhusiwa. Gabrieli alimwona akivuka uwanja. Alitaka kumwita ahakikishe. Lakini naye ni mtoto wa huku huku. Alijua akimwita atamtia katika hatari ya kuitikia. Basi akamwacha apite. Mtu wa mbali angeita, na kosa lingeishia pale uwanjani.

Jioni mama yake Sikujua, Bibi Tabu, mwanamke mrefu aliyekuja kwa miguu kutoka Wamaza kumwangalia bintiye, alikwenda kuchukua lao, kwa kuwa mama mkwe wa Sikujua hakuwapo. Gabrieli akasoma kitambaa. Ilikuwa namba yangu.

Niliamka kwa sauti za ukumbini. Bibi Tabu alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooka, hataki kuinuka.

"Mutoto wa binti yangu amezikwa kwa watu," alikuwa akisema, polepole, kwa kila aliyepita. "Kwa watu asiowajua. Iko wapi mulango atakaorudia?"

Siku ya pili mwanangu hakunyonya. Gabrieli alimtilia maziwa yangu kwa kijiko, tone kwa tone, mengi yalirudi. Alikuwa na joto. Daktari alitazama kile kipande kwenye mashine yake, akarudi mbio, akasema homa ya mbu iliyokuwa imejificha kwenye kondo imeingia kwa mtoto, na akaanza kumpa dawa kwa matone. Alisema asitolewe kwenye sanduku. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili alimwambia Amisi usoni.

Bibi Mwavita alisikia jambo jingine kabisa. Mtoto hanyonyi kwa sababu ndugu yake hajazikwa. Ndugu yake amekaa kwenye beseni la Serikali, na mahali pake katika ua wetu pamelaliwa na mwingine. Huko Nyangwe alikuwako mtu anayejua kurekebisha mambo kama hayo. Mtoto apelekwe.

Siku ya tatu asubuhi walikuja na baiskeli na kikapu kilichotandikwa blanketi. Amisi hakunitazama.

"Ni siku moja tu," alisema. "Tunampeleka, tunamrudisha."

Gabrieli alisema, "Karani, ukimutoa katika ile pamba, hatafika muto."

"Na akibaki hapa?" Bibi Mwavita akauliza. "Wewe unampa matone tangu jana. Amenyonya?"

Jibu lilikuwa hapana.

Nilishuka kitandani. Nilikuwa bado natoka damu, na sakafu ilikuwa inapanda na kushuka. Nilikaa chini kando ya sanduku, nikapitisha mkono ndani ya mshikio wake. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia Amisi, "Nimetoa vichupa saba ili nijue kinachowaua. Leo nimeambiwa. Umuchukue, lakini utachukua na mimi na sanduku, na baiskeli yako haitaweza."

Tukakaa hivyo. Amisi alishika usukani. Mama yake alishika kikapu. Sijui tulikaa muda gani. Hapo tu katika habari hii sina saa. Mtoto alitoa ile sauti yake ya mlango, akanyamaza, nasi sote tukangoja kama atatoa tena. Alitoa.

Aliyetufungua ni Bibi Tabu. Alikuwa bado ukumbini, siku ya tatu, na kila neno lilikuwa limemfikia. Aliinuka, akashika kiuno, akaja mpaka mlangoni.

"Kilichozikwa hakifukuliwi," alimwambia Bibi Mwavita. "Wangu amelala kwako, na amelala vizuri, ulinyamaza mupaka mwisho, nimeuliza watu wa njia. Nipe wako nikamulaze kwangu."

"Kwako ni wapi?"

"Wamaza."

"Wamaza ni siku mbili na nusu."

"Ninajua. Nimeitembea."

"Na utanyamaza siku mbili na nusu? Na mutu akikusalimu? Njia ile iko na watu wa heshima. Utapita kama punda?"

Kupita watu wazima bila kuitikia salamu ni tusi, na tusi nalo lingemfuata mtoto. Niliona Bibi Mwavita akifikiri. Kosa lilikuwa la mkono wake, na alilijua. Tangu juzi hakuwa ameligusa kwa neno. Aliweka kikapu chini.

"Nitakwenda na wewe," alisema. "Nitaitikia mimi."

Gabrieli alilitia kondo langu chumvi, kama watu wa Nyangwe wanavyowatia samaki wao, akalifunga kwa majani mapya matatu. Alisema hakufundishwa hilo shuleni. Bibi Tabu alilinyanyua saa tatu asubuhi na kufunga mdomo. Wakatoka, mrefu mbele na mfupi nyuma, katika mvua nyembamba, na dirishani nilisikia sauti ya mama mkwe wangu ikianza kazi yake kwa mlinzi wa lango: "Yambo, baba, ni wazima, huyu mwenzangu anakusalimu, ana shughuli."

Baiskeli ilirudi ghalani na Amisi juu yake. Mtoto alibaki kwenye pamba.

Matone yaliendelea. Siku ya nne joto lilishuka. Siku ya tano, saa kumi na dakika tano alasiri, alinyonya kijiko kizima bila kurudisha, na siku ya sita alinyonya kwangu, akachoka, akalala na chuchu mdomoni. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nililala. Gabrieli alisema nililala saa kumi na nne, na kwamba Sikujua alimnyonyesha mwanangu mara mbili bila kuniamsha.

Bibi Mwavita alirudi siku ya saba, miguu imevimba, na kilemba cha Wamaza kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akatazama, akaketi.

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Mimi nimezungumza peke yangu siku mbili na nusu kama mwehu," alisema. "Yule mwanamuke hata mwiba ulipomuchoma hakusema. Alinyosha muguu tu, mimi nikautoa. Walipolifukia alifungua mudomo, akaanza kunitukana kwa yote niliyowaambia watu njiani. Alikuwa ameyaweka kwa mpangilio."

Ya mke wa pili sikuyasikia tena. Sikuyauliza.

Wale wanaotaka kujua sampuli zilifaa nini, nitasema ninachokijua, na si kingi. Gabrieli aliniambia kwamba kondo langu na la Sikujua yalionekana sawa ndani: yamejaa weusi wa homa, ingawa sisi wenyewe hatukuwa na homa ya kuhisi. Daktari alihamishwa kiangazi kilichofuata. Masanduku yake yaliondoka kwa treni, na jibu nililoahidiwa, la maandishi, halikunifikia. Lakini tangu mvua za mwaka uliofuata, mjamzito anayekaa kwenye benchi lile hupewa vidonge vya homa tangu siku ya kwanza, awe anaumwa au haumwi. Sijui kama ni kwa sababu yetu. Hakuna aliyetuambia. Ukiombwa, uliza mambo matatu: kiasi gani, nini kinabaki, na nani atakujibu. Mimi niliuliza mawili.

Sikuzaa tena. Nguvu zangu hazikurudi zote. Hatua mia tisa nazitembea kwa kusimama mara moja. Mtoto yuko darasa la tatu na ana mwandiko mbaya.

Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, Gabrieli alikuja nyumbani na bahasha. Ilikuja kutoka huko masanduku yalikokwenda: malipo ya waliotoa mpaka mwisho. Hatukuwahi kuambiwa kwamba kuna malipo. Vichupa saba, kwa faranga tano kila kimoja. Damu ya kitovu, faranga kumi. Kipande cha kondo, faranga ishirini. Nilihesabu mara mbili. Faranga sitini na tano. Cherehani langu lilikuwa linahitaji mkanda mpya.

"Ya Sikujua iko wapi?" nikauliza.

"Sikujua hayumo. Alirudi Wamaza kabla ya kipimo cha mwisho, kile cha baada ya kuzaa. Walimukata jina."

Nikamtazama Bibi Mwavita, nikidhani atasema sasa nimeuza. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni.

"Gawa," alisema.

Niligawa. Upande wetu nikanunua mkanda. Upande mwingine nikaufunga kwenye kitambaa, nikampa dereva wa lori la pamba aliyekuwa akienda Kabambare kupitia Wamaza, na aliporudi aliniletea kitambaa kitupu na salamu ndefu. Sindano na vidonge sikuvilipia, kwa hiyo hiyo ndiyo fedha yote iliyotoka mkononi mwangu kwa ajili ya ugonjwa ule: faranga thelathini na mbili na nusu.